Barua ya wazi kwa Afisa wa Njia za Nyaya: "Weilivu" si kuondoka

Kwako Bwana Afisa,

MINT: NOTISI YENU, NA NENO MOJA LILILOMO

Salamu nyingi. Mimi ni yule mzee wa minazi saba. Ofisini kwenu najulikana zaidi kwa nambari ya faili, ila kila nikija naambiwa faili iko mezani kwa mwingine, na huyo mwingine yuko nyanjani.

Nimenyamaza miezi kumi na mmoja. Ningeendelea kunyamaza kama si Jumanne iliyopita. Vijana wenu walifika saa moja asubuhi na pawa-so, ule msumeno wa mashine, kusafisha njia ya nyaya zenu, mimi nikiwa bado na mswaki kinywani. Hodi hawakupiga. Mnazi wa kwanza ulipoanguka, mke wangu alidhani ni ukuta wa jiko. Kufika saa nne yote saba ilikuwa chini, pamoja na mwembe dodo ambao hata alama yenu nyekundu haukuwa nayo. Madafu yalitapakaa uani mpaka watoto wa jirani wakadhani ni sikukuu. Nikauliza kibali. Kijana mmoja, mpole kweli, wala simlaumu, akanikunjulia notisi yenu. Juu Kiingereza, neno "wayleave"; chini Kiswahili: "Notisi ya Kuondoka Njiani".

Bwana Afisa, nimefundisha Kiswahili miaka 31. Leo nivumilie nikusahihishie daftari.

Hilo neno la Kiingereza sisi huku tunalitamka weilivu. Wazee wengine husema "welevu", na tangu Jumanne wanaulizana welevu huo ni wa nani. Ni maneno mawili yaliyoshonwa pamoja. La kwanza, "way", ni njia. Hapo hatuna ugomvi. La pili, "leave", ndilo lililowapiga chenga. Waingereza wana maneno mawili yanayofanana kama mapacha, na wala si ndugu: moja ni kuondoka au kuacha kitu nyuma, jingine ni ruhusa. Yalianza mbalimbali tangu Kiingereza cha kale, yakaja kukutana sura njiani. Hilo la ruhusa unalijua vizuri, maana ndilo unalojazia fomu Desemba ikikaribia. Unaomba, unapewa, ndipo unaenda likizo. Weilivu basi ni ruhusa ya njia. Anayeiomba ni mpitaji, anayeitoa ni mwenye shamba. Kwa Kiswahili cha nyumbani, ni hodi.

Na hodi hii ina umri. Karne ya 17, kaskazini mwa Uingereza, makaa ya mawe ya maeneo ya Newcastle yalichimbwa mbali na maji, nayo yalitakiwa yafike mto Tyne yapakiwe kwenda London. Kati ya mgodi na mto palikuwa na mashamba ya watu. Wenye migodi wakatandika reli za mbao, farasi mmoja akavuta gari la makaa la zaidi ya tani mbili. Lakini kabla ya ubao kulazwa, mwenye shamba alikuwa ashafuatwa kwake na bei ishatajwa. Mwanasheria Roger North, aliyepita huko, aliandika kwamba mtu mwenye robo ekari tu alitarajia pauni 20 kwa mwaka kwa ruhusa hiyo. Robo ekari! Mimi nina mbili u nusu, na sijarudishiwa hata nauli ya matatu ya kuja kwenu. (Sisemi mabwana wale walikuwa malaika. Wapo matajiri walionunua ruhusa hizi makusudi wamzibie mshindani njia.) Mwaka 1758 Charles Brandling alipotaka kupeleka makaa yake kutoka Middleton hadi Leeds, Bunge lao lilitunga sheria, ya kwanza ya reli, na kazi yake ilikuwa kutia nguvu makubaliano ambayo yeye na wenye ardhi walikwisha yafikia.

Baadaye neno likatoka kwenye reli likapanda nguzoni: simu za maandishi (telegrafu), simu za kuongea, umeme. Hivyo ndivyo lilivyotufikia. Limo katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 ya Kenya hii hii. Kifungu cha 144 kinasema weilivu huombwa. Cha 148 kinasema hulipwa: matumizi ya ardhi, na juu yake hasara ya miti, mimea na majengo. Miti, Bwana Afisa. Mnazi mrefu wa pwani hukungojesha miaka sita, saba, kabla hujaonja dafu lake la kwanza. Karo ya wanangu wanne iliangukia kutoka juu ya ile saba.

Nani alitafsiri? Nashuku ni kompyuta, au mtu aliyekuwa na haraka ya chakula cha mchana. Binti yangu hakubali. Anasema ukimwambia mtu "ondoka" hakuulizi bei, ila ukimwambia "naomba nipite" ataanza kuhesabu miti. Mimi sijafika huko. Lakini nakukumbusha baraza la chifu mwezi wa Machi, uliposimama mbele yetu ukasema hakuna mti utakaoanguka kabla pesa haijaingia. Tulikupigia makofi. Mimi niliandika maneno yako nyuma ya daftari, na tarehe.

Nilipoketi kuandika nilikuwa na orodha: fidia, mwembe, ufa wa jiko, kuombwa radhi. Nimeifuta. Jirani yangu ni mjane mwenye minazi kumi na miwili, na jana amebandikiwa karatasi ile ile. Naomba mstari mmoja tu ubadilishwe kabla pawa-so haijavuka ua. Andikeni: "Ombi la Ruhusa ya Kupitisha Nyaya". Kisha umletee wewe mwenyewe, umsomee, umngoje ajibu. Mstari mmoja, Bwana Afisa. Karatasi nitanunua mimi.

Ukija, pitia na kwangu. Nyumba huwezi kuikosa, ni ile yenye visiki vinane. Saba vina rangi yenu nyekundu. Cha nane nitakuonyesha mwenyewe.

Wako mtiifu, bado,
Mwalimu mstaafu,
Kilifi