Barua kwa Salma: walivyohifadhi Veda bila kitabu

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi, na shemeji na watoto natumai hawajambo. Umeuliza wanafunzi wa gurukul, yaani shule ya nyumbani kwa mwalimu (guru), India ya kale, waliwezaje kuhifadhi Veda, maandiko matakatifu marefu vile ya Kihindu, bila kuandika. Wewe uliyepita chuoni kwa maalimu unajua mdomo na sikio vinaweza nini. Kinachonivutia mimi ni jinsi walivyolinasa kosa.

Maisha yenyewe kwa ufupi. Mtoto wa Kibrahmini (tabaka la makuhani) alipokewa kwenye umri wa miaka 8 hivi, Kshatriya (wapiganaji) 11, Vaishya (wafanyabiashara na wakulima) 12. Shudra, tabaka la chini la watumishi, alikatazwa kusoma Veda, kwa hiyo usiwasikilize wanaoipamba gurukul kuwa ilikuwa shule ya kila mtu. Mwanafunzi alihamia kwa guru, akaokota kuni za moto mtakatifu na kuomba chakula mlango kwa mlango, akirudi anamwonyesha mwalimu kwanza alichopata. Ada haikudaiwa mapema. Zawadi ya guru ilitolewa masomo yakiisha. Veda moja ilikadiriwa miaka 12.

Sasa kazi yenyewe. Rigveda pekee, moja ya Veda hizo, ina tenzi 1,028, beti zaidi ya 10,000. Mwalimu anatamka kipande kifupi, mwanafunzi anakirudia mpaka kinyooke. Silabi nazo zina viwango vya sauti: ya juu, ya chini, na inayoshuka. Kwa Wanambudiri, Wabrahmini wa Kerala, kusini mwa India, mwalimu hukishika kichwa cha mtoto na kukiinamisha kufuata sauti, mpaka mwili wenyewe uzoee.

Ubeti ukishakaa, unavunjwavunjwa. Chukua maneno ya kwanza ya Rigveda: "agnim" (1), "ile" (2), "purohitam" (3). Kwanza yanasomwa moja moja, kila neno peke yake. Kisha mawili mawili: 1-2, 2-3. Halafu mtindo uitwao jata: 1-2, 2-1, 1-2, ndipo unasogea kwenye 2-3. Ngumu kuliko zote ni ghana: 1-2, 2-1, 1-2-3, 3-2-1, 1-2-3. Maneno matatu tu, umeshatamka mara 13!

Ugumu hauko kwenye kurudia. Katika Kisanskriti, lugha ya Veda, sauti za mwisho na mwanzo hubadilika maneno yakigusana. Ukigeuza "agnim" ije baada ya "ile", "a" ya "agnim" inamezwa. Kwa hiyo aliyekariri kwa mazoea ya ulimi, bila kujua neno linaishia wapi, anakwama papo hapo mbele ya mwalimu. Na aliyeruka neno mnyororo unamkatikia.

Kukosea kiwango cha sauti nako kuliogopwa. Wanasimulia kwamba mungu fundi Tvashtri alitaka kuomba mwana atakayemuua Indra, mfalme wa miungu. Sauti ya juu ikaangukia silabi isiyo yake, maana ikageuka: mwana ambaye Indra ndiye muuaji wake. Mwana huyo, Vritra, akazaliwa, na Indra akamuua kweli.

Waalimu wao waliwaorodhesha pia wasomaji sita wabaya: anayeimbaimba, anayekimbiza, anayetikisa kichwa, anayesoma kwenye maandishi, asiyejua maana, na mwenye sauti hafifu. Wa tatu utaona anagongana na kile kichwa cha Kerala. Shule hazikukubaliana kwa kila jambo. Wa nne ndiye anayenichekesha: kumbe maandishi walikuwa nayo, ila kwa Veda aliyeyategemea alihesabiwa msomaji mbaya.

Nisalimie mama.

Rafiki yako,
Zuhura