Jua la mchana na ratiba ya tenisi ya wanawake

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nieleze jambo linalonikera kila msimu wa mashindano ya tenisi ya wanawake yanayochezwa nje, kwenye viwanja vigumu. Ni joto, na hasa jinsi waandaaji wanavyopanga ratiba kana kwamba wachezaji wote wanaathirika kwa kiasi kilekile.

Uwanja mgumu hujengwa kwa zege au lami, kisha hupakwa akriliki iliyochanganywa na mchanga. Sakafu hiyo hufyonza jua tangu asubuhi, hivyo ifikapo saa nane mchana mchezaji huchomwa kutoka juu na kutoka chini, katika joto linalozidi lile lililotangazwa na watabiri wa hali ya hewa.

Chama cha Tenisi cha Wanawake (WTA) kinastahili pongezi kwa kanuni yake ya muda mrefu ya mapumziko ya dakika 10 joto linapovuka kiwango. Tatizo ni kwamba mapumziko hayo huja kabla ya seti ya tatu tu, yaani ile ya mwisho. Katika nusu fainali ya US Open mwaka 2014, Peng Shuai wa China alizidiwa na joto wakati seti ya pili ikiendelea dhidi ya Caroline Wozniacki. Akatolewa kutibiwa, akarudi, akacheza pointi chache, akaanguka tena na kuondolewa kwa kiti cha magurudumu. Kwa mtu aliyefikia hali hiyo, seti ya tatu iko mbali mno.

Yeye angalau alikuwa uwanja mkuu, mbele ya dunia nzima. Katika mashindano ya WTA 250, ngazi ya chini ya ziara kuu ya WTA, mechi za usiku hupewa wenye majina ya kuuza tiketi, na aliyepitia mchujo, ambaye tayari ana mechi za ziada miguuni, hupelekwa viwanja vya pembeni mchana. Akitolewa raundi ya kwanza, raundi hiyo humwongezea pointi 1 tu katika orodha ya ubora. Mchezaji wa namna hiyo atathubutu vipi kuacha mechi, hata macho yakianza kuona giza?

Napendekeza joto lipimwe katika kila uwanja, karibu na sakafu, na likivuka kiwango mechi zisimame palepale, seti yoyote iwayo, na nyingine zisianze hadi jua lipungue. Najua waandaaji watataja mikataba ya televisheni. Lakini mvua ikinyesha, uwanja mgumu huteleza na mechi husimamishwa bila mjadala, televisheni ikasubiri, na ratiba ikapangwa upya siku hiyohiyo. Linalowezekana kwa mvua linawezekana kwa jua.

Nanyi wahariri wa michezo, mnaporipoti kwamba mchezaji ameshindwa kuendelea na mechi, tafadhali andikeni pia ilichezwa saa ngapi, uwanja upi, na joto lilikuwa nyuzi ngapi.

Wako,
Mfuatiliaji wa tenisi