Mbona "isipokuwa" mnaikata kila siku?

Mhariri,

Mimi ni nesi huku Pwani, wodi ya akina mama. Kuna sentensi moja nyie wa magazeti mnaipenda sana, akikamatwa msichana au daktari mnaandika "kutoa mimba ni kinyume cha sheria nchini Kenya" alafu nukta, habari imeisha. Si hivyo jamani. Katiba ya 2010, kifungu 26(4), inasema hairuhusiwi ISIPOKUWA mhudumu wa afya aliyesomea akiona kuna dharura ya matibabu, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine imeruhusu. Mhudumu wa afya, sio OCS, yule mkuu wa kituo cha polisi. Na imesema afya pia, sio mpaka mtu awe anakata roho.

Shida ile sheria ya jinai ya tangu mkoloni bado ipo, anayemtoa mtu mimba jela hadi miaka 14, mwanamke mwenyewe hadi 7, sasa polisi wanashika hiyo tu na sisi tunaogopa. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kupunguza madhara ya utoaji mimba usio salama 2012, ikauondoa 2013. Mahakama Kuu Nairobi ikasema 2019 kwamba kuuondoa vile haikuwa halali, na hiyo kesi ilikuwa ya msichana mdogo aliyebakwa, akapelekwa kwa daktari feki, figo zikafeli, akafariki 2018. Mahakama ikaamuru mamake alipwe milioni 3. Milioni tatu na mtoto hayupo.

Wanaotufikia wodini ni wale waliokunywa jiki ama majani chai makali, wengine wameingizwa vijiti, na wanakuja wamechelewa, homa imepanda, harufu unaisikia kabla hujafungua pazia, ukimuuliza anakwambia "nilianguka tu sista" manake anajua utaita polisi. Mimi siiti. Mtu anayetoka damu anatibiwa, iwe mimba ilitoka yenyewe au aliitoa, na kumtibu si kosa.

Na matibabu yenyewe wala si ya kutisha vile watu wanadhani. Mimba changa ikiharibika inasafishwa kwa pampu ya mkono, dakika chache, mgonjwa yuko macho na mara nyingi jioni yuko kwake, au anapewa vidonge vya misoprostoli. Ile ya kukwangua kwa chuma Shirika la Afya Duniani lilishasema iachwe. Hata vidonge vya mifepristoni na misoprostoli kwa pamoja ni njia salama ya kutoa mimba vikitumiwa sawasawa, balaa ni vidonge vya uchochoroni, hujui ni dawa au chokaa, na aliyekuuzia hajui mimba ina wiki ngapi wala kama imetunga nje ya mfuko wa uzazi. Hiyo ya nje vidonge haviitoi, na ikipasuka unaweza kumpoteza mtu hivi hivi.

Najua kuna watakaonirukia na aya, sawa, hata mimi ibada siachi, lakini kitanda cha wodi hakiulizi dini.

Kwa hivyo mkiandika tena wekeni hiyo "isipokuwa", na chini mweke kwamba mwanamke aliyetokwa na mimba akilowesha pedi mbili kwa saa moja na inaendelea hivyo saa ya pili, au ana homa, uchafu unaonuka, tumbo kali, kizunguzungu cha kuanguka, aende hospitali hata kama ni usiku wa manane. Nafasi mnayo, mbona matangazo ya waganga wa kurudisha mpenzi hayakosi ukurasa.

Nesi, Kilifi