Kachumbari ya embe inaharibiwa na maji

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wa barua tuseme kuhusu mapishi yanayochapishwa magazetini na kusambazwa kwenye simu kila msimu wa embe ukiingia. Kachumbari ya matunda, ambayo siku hizi wengi wanaiita salsa kama wanavyoiita wenyewe Mexico, imeshafika majumbani Unguja na Pemba. Ni jambo jema, maana embe ni nyingi na nyingine zinaozea chini ya miembe. Wala si chakula cha kigeni kiasi hicho: pilipili, tungule, nanasi na papai vyote asili yake ni bara la Amerika, na leo nani atasema si vyetu?

Tatizo ni maelezo. Huandikwa "embe mbili, kitunguu kimoja, chumvi kiasi, changanya". Embe gani? Imeiva kiasi gani? Chumvi itiwe wakati gani? Anayefuata maelezo hayo hupata bakuli la maji matamu lenye vipande vinavyoelea, kisha huona chakula chenyewe ndicho kisichofaa.

Kinachoharibu ni maji. Zaidi ya asilimia 80 ya embe ni maji, na tango na tungule zinapita 90. Maji hayo yamejifungia ndani ya nyama ya tunda, na mambo matatu huyafungulia: tunda kuiva kupita kiasi, kisu butu, na chumvi kutiwa mapema.

Tuanze na embe. Inayofaa ni boribo au dodo, kwa sababu nyama yake ni nene na nyuzi zake chache. Embe ndogo za kunyonya, hata ziwe tamu vipi, ziachwe za juisi. Zikikatwa hubaki nyuzi na uji. Itafutwe iliyoiva lakini bado imeshikana. Ibonyeze taratibu kwa kidole gumba karibu na kikonyo: ikibonyea kidogo na kurudi, ndiyo hiyo, pakibaki shimo, imeshapita. Rangi ya ganda isikudanganye, maana ziko embe zinazoiva na ganda lingali kijani. Harufu ya pale kwenye kikonyo ndiyo ya kuaminiwa. Ukiona kidoa cheusi kilicholainika, huenda nzi wa matunda ametaga hapo. Ipasue uitazame, na ukikuta funza kwenye nyama usihangaike kukatakata pembeni, itupe.

Ushauri wetu mkubwa katika barua hii ni kutotumia embe zilizoiva peke yake. Robo ya embe iwe tosa, ile iliyoanza kugeuka rangi ndani lakini ingali na ukali. Tosa haitoi maji ovyo, hutafunika, na ukali wake hupunguza haja ya ndimu. Kachumbari ya embe zilizoiva tupu huwa tamu kama kitindamlo, na haikai vizuri pembeni ya samaki.

Vipimo vya watu sita ni hivi. Nyama ya embe gramu 500 baada ya kumenya na kutoa kokwa, yaani gramu 375 za iliyoiva na 125 za tosa. Tango lililotolewa mbegu gramu 100. Kitunguu maji kidogo kimoja, kama gramu 60. Nusu ya pilipili boga nyekundu. Nusu ya pilipili mbuzi. Maji ya ndimu vijiko vikubwa viwili, kotmiri iliyokatwa vijiko vikubwa vitatu, na chumvi laini nusu kijiko cha chai, ambayo ni gramu 3. Mwenye chumvi ya mawe asipime kwa kijiko hichohicho, kwa sababu punje kubwa huacha nafasi kati yake na uzito hauwi sawa. Aitwange kwanza, au aiyeyushe ndani ya ndimu na kuonja. Sukari haina kazi hapa, na nayo huvuta maji kama chumvi.

Kila kitu kioshwe kwa maji safi yanayomiminika kabla ya kukatwa, hata tunda linalomenywa, maana kisu huchukua uchafu wa ganda na kuupeleka kwenye nyama. Kisha vifutwe vikauke. Kotmiri ndiyo inayosahauliwa: ikikatwa ingali na maji hugandana, na baada ya nusu saa huwa nyeusi na utelezi. Ikung'utwe, ifungwe kwenye kitambaa safi mpaka ikauke, na ikatwe kwa kisu kikali mara moja tu. Kuirudia rudia ni kuiponda. Vikonyo vyake vyembamba visitupwe. Vina ladha kuliko majani.

Embe ikatwe mashavu mawili kutoka kwenye kokwa, kisha vipande vya mraba vya sentimita moja. Vikiwa vidogo zaidi vinakuwa uji, vikiwa vikubwa mtu hupata embe tupu kijikoni bila kitunguu wala pilipili. Kisu kiwe kikali kweli. Kisu butu hakikati, kinasukuma, na utaona ubao umelowa kabla hujamaliza embe ya kwanza. Maji hayo yalikuwa ya kubaki ndani ya vipande.

Kitunguu kikatwe vidogo kabisa, kiroweke maji baridi dakika 10, kichujwe, kisha kitiwe kwenye ile ndimu dakika 10 nyingine. Ukali unaowasha macho hutokea pale kisu kinapopita, na maji baridi huondoa sehemu kubwa yake. Kikikaa ndani ya ndimu, kitunguu chekundu hugeuka waridi iliyokolea, na rangi hiyo ndiyo alama kwamba kiko tayari. Watu wengi wanaosema kachumbari ya matunda inanuka kitunguu wameruka hatua hii.

Pilipili mbuzi ina harufu inayopendana na embe kuliko pilipili yoyote sokoni, ila lazima ujue ukali wake uko wapi. Hauko kwenye mbegu kama wengi wanavyodhani; uko kwenye ile nyama nyeupe ya ndani inayoshika mbegu. Ipasue, ikwangue nyeupe yote, ubakishe ganda, ulikate kama punje za mchele. Hapo unapata harufu yote na ukali mchache; anayetaka moto zaidi arudishe nyeupe kidogo kidogo. Mikono ipakwe mafuta ya kupikia kwanza, ndipo ioshwe kwa sabuni, kwa sababu ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji matupu bali kwenye mafuta. Kwa sababu hiyohiyo, kachumbari ikizidi ukali haiponi kwa maji. Ongeza embe, au katia embe mafuta, yaani parachichi, moja iliyoiva.

Sasa chumvi. Changanya embe, tango na pilipili zote kwenye bakuli la gilasi au la kigae. Sufuria ya alumini ikikutana na ndimu hutoa ladha ya chuma. Liweke mahali pa baridi, hata saa mbili kabla ikiwa una friji. Kitunguu na ndimu yake, chumvi na kotmiri vitiwe dakika 15 kabla ya kula, si zaidi ya 20. Chumvi ikigusa tunda lililokatwa huanza kuvuta maji papo hapo. Ndani ya robo saa maji yanayotoka ni machache, yanachanganyika na ndimu na kuwa mchuzi mzuri wa kuungia. Baada ya saa moja yanakuwa mengi na vipande vimelegea. Geuza kwa mkono au kijiko kipana, mara tatu nne, kutoka chini kuja juu. Ikiwa umechelewa na maji yameshajaa, yachuje na kummwagia samaki aliyechomwa. Usiongeze chumvi kufidia ladha, utayazidisha.

Nanasi lina mambo yake. Lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, kinachovunjavunja protini, ndiyo maana ulimi huwasha ukila nanasi jingi. Anayeroweka samaki mbichi kwenye kachumbari ya nanasi tangu asubuhi atakuta jioni nyama ya juu imekuwa kama tope. Vilevile nanasi bichi likichanganywa na maziwa au mtindi, baada ya muda huwa chungu. Moto huua kimeng'enya hicho. Kwa hiyo kata nanasi vipande vya duara vya sentimita moja na nusu, toa macho na moyo, ukichome juu ya seredani dakika tatu kila upande mpaka kipate mistari ya kahawia. Kikipoa ndipo ukate vidogo. Kinapoteza maji, utamu unakolea, na robo kijiko cha chai cha uzile uliokaangwa mkavu na kutwangwa unakifaa sana. Kwenye embe, uzile hatuupendi. Unaifunika harufu ya pilipili mbuzi.

Tikiti linawezekana, ila likatwe na kutiwa chumvi watu wameshakaa kwenye mkeka. Papai liwe gumu, na litake ndimu mara mbili.

Kachumbari hii imekaa vizuri kwa nguru, jodari, pweza wa kuchoma, mishkaki na muhogo wa kukaanga. Kwa biriani tungeshauri mtu abaki na kachumbari ya tungule na kitunguu aliyoizoea. Biriani ina utamu wake wa vitunguu vya kukaanga, haihitaji mwingine.

La mwisho, Mhariri, ndilo lililotufanya tuandike. Wameanza kuonekana watu wanaotia kachumbari ya matunda kwenye chupa za maji zilizokwishatumika, wanaifunga na kuiuza ikakae kabatini. Hii ni hatari na isemwe wazi. Wataalamu wa chakula hupima uchachu kwa kipimo cha pH, na mpaka wa usalama kwa chakula cha kufungwa chupani ni 4.6, kadiri namba inavyopanda ndivyo uchachu unavyopungua. Papai na tikiti vinapita 5. Embe iliyoiva sana inaweza kuukaribia mpaka huo au kuuvuka, na kitunguu, pilipili na kotmiri, ambavyo si vichachu, huipandisha namba zaidi. Ndani ya chupa isiyo na hewa, mchanganyiko wa namna hiyo unaweza kuotesha vijidudu vya botulini, vinavyotoka kwenye udongo na kutengeneza sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia. Chakula chenye sumu hiyo si lazima kinuke wala kubadilika rangi. Ndimu ya kukisia haitoshi kuwa kinga, kwa sababu uchachu wa ndimu moja si wa nyingine. Mtu asijifananishe na achari. Achari ya embe hukaa kwa sababu ya chumvi nyingi, siki, mafuta na jua, na kachumbari mbichi haina hata kimoja cha kutosha kati ya hivyo.

Kachumbari ya matunda ni ya kuliwa leo. Mezani isizidi saa mbili, na siku za kaskazi, joto likipita nyuzi 32, isizidi saa moja. Ya embe au nanasi ikifunikwa na kuwekwa kwenye friji isiyozidi nyuzi 5 inakaa siku mbili. Ya tikiti au papai imalizwe siku ileile. Umeme ukikatika na friji ikapoteza baridi kwa zaidi ya saa nne, imwagwe. Mwenye embe nyingi azigandishe vipande vitupu bila chumvi kwa ajili ya juisi, kwa sababu embe iliyoganda ikiyeyuka hulegea na haifai tena kwa kachumbari.

Tunaomba ukurasa wa mapishi, kila unapochapisha chakula cha aina hii, uandike aina ya tunda, uzito wake baada ya kumenywa, wakati wa kutia chumvi, na chini kabisa, kwa maandishi ya kuonekana, muda wa kukaa mezani na kwenye friji.

Wasomaji wenu,
Wapishi wa shughuli,
Chake Chake, Pemba