Kwa Nini Tunakutoza Ukaguzi Hata Simu Ikikutwa Mbovu

Dada mmoja wa Chumbageni, hapa Tanga, ametupa nyota moja mtandaoni na maneno makali: kaleta simu ya mkononi mwa mtu tumkagulie kabla hajainunua, kalipa shilingi 10,000, kaambiwa simu haifai, kaondoka mikono mitupu na elfu kumi yake "wameila mafundi wa Ngamiani". Si wa kwanza. Kila baada ya muda mtu husimama kaunta na swali lilelile: "Sasa fundi, simu sijainunua, unanitoza ya nini?" Nimeona nijibu kwa kirefu, ili anayeuliza tena nimpe asome huku mimi naendelea na kazi.

Simu yenyewe ilikuwa Samsung ya laki tatu na nusu. Kaiona Facebook, muuzaji kakubali kuja nayo dukani, na hilo peke yake ni jambo jema, maana wengi ukiwatajia fundi simu inakata. Nje inang'aa, ina kava jipya na boksi lake. Tukaanza na *#06#. Zikatokea namba mbili za IMEI, yaani namba za utambulisho wa simu yenyewe, kila moja tarakimu 15, zikalingana na za kwenye boksi. Wateja wengi huishia hapo wakatoa hela.

IMEI ni mwanzo tu. Ukiituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, unajibiwa ni ya simu ya aina gani. Jibu likitaja simu nyingine tofauti na uliyoshika mkononi, mrudishie mwenyewe hapohapo. Huduma hii watu waliijua wakati ule simu feki zilipozimwa, Juni 2016, halafu wakaisahau. Ila haikwambii kioo kimebadilishwa mara ngapi. Wala haijui kama simu imechomolewa mfukoni mwa mtu jana usiku kule Kange na mwenyewe bado hajafika polisi. Leo inajibu vizuri kabisa. Wiki ijayo mwenye mali anachukua RB, ile namba ya taarifa ya polisi, anaipeleka kwenye mtandao wake, IMEI inafungiwa, na wewe ndiye unayebaki na kipande cha kioo kisichoshika laini.

Turudi kwenye ile Samsung. Tukapiga *#0*#, menyu ya majaribio ikafunguka, tukapitisha rangi moja moja: nyekundu, kijani, bluu. Kwenye kijani kikaonekana kivuli cha kibodi kilichojichora chini ya kioo. Hilo si kubwa, ni uzee. Tukachomoa trei ya laini na kumulika ndani kwa tochi. Kuna kibandiko kidogo mle, cheupe kikiwa salama, na kikiguswa na maji hugeuka rangi. Hiki kilikuwa chekundu pote. Tukaiweka kwenye chaji kupitia mita: moto unaingia kidogo mno, unapanda, unashuka, na mgongo karibu na kamera unachemka kama hauna kazi nyingine. Muuzaji akaanza kutazama saa.

Hapo hatukuhitaji ramli. Simu imeingia maji, na kwa mji huu mara nyingi ni maji ya bahari. Vijana wanaruka Raskazone na simu mfukoni. Maji ya bomba ukiyawahi yanakauka. Ya bahari yakikauka yanaacha chumvi, na chumvi inaendelea kula bodi polepole wakati simu inapiga picha nzuri tu. Nikamwambia dada: itakaa mwezi, ikibahatika miwili. Bodi nyingine ya simu ile ingemgharimu karibu bei aliyokuwa ananunulia. Akaghairi, laki tatu na nusu yake ikabaki kwenye pochi. Kisha akatupa nyota moja.

Jamani. Ukienda kupima malaria ukaambiwa huna, hela ya kipimo hurudishiwi. Elfu kumi ni ya muda wa fundi, mita, luku, kodi ya fremu ambayo mwenye nyumba hapunguzi hata mia, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ambayo sisi tunaitoa bila kuombwa. Kungekuwa na utaratibu wa kulipa pale tu simu ikiwa nzima, mngekuwa na haki ya kututilia shaka, kwa sababu tungekuwa na faida kila tukisema "nzima, chukua".

Njia ya mkato anayoipenda mteja ni hii: "Fundi, nakutumia picha WhatsApp, niangalizie." Naangalia, na naona picha. Kuna mjomba wangu mmoja wa Muheza, mteja wa siku nyingi, alinitumia picha sita za laptopu, mojawapo ikiwa na kibandiko cha i7, prosesa ya kasi. Nikamwambia vibandiko vile vinauzwa kama vibandiko vya matunda, iwashwe kwanza tuone mfumo unasema nini. Hakusubiri. Ilipofika ndani ilikuwa i3, ya chini kabisa kwa hizo, na betri yake tukiitolea ripoti kwa powercfg, amri ya Windows, ule uwezo iliozaliwa nao umebaki robo. Kwenye picha betri haionekani, bwana.

Mbaya zaidi ni kutuma nusu. Kijana wa Pongwe aliiona laptopu kwenye ukurasa wa Instagram wenye wafuasi wengi, picha za duka lenye makabati ya vioo, muuzaji anajiita wa Kariakoo. Kijana akaomba uhakika, akatumiwa picha ya kitambulisho cha NIDA. Akatuma laki tatu. Jioni akatumiwa picha ya risiti ya mzigo wa basi, akamalizia laki tatu nyingine. Kesho yake kifurushi kikafika kweli, kimefungwa kwa utepe mwingi, kizito vilevile. Alikuja nacho hapa kabla hajakifungua, ati tumkagulie. Tukakata utepe: taulo kuukuu, na ndani ya taulo vipande viwili vya marumaru. Zamani Dar walikuwa wanauziwa sabuni ya kipande kwenye boksi la simu. Sasa tapeli hata nauli ya kuja kukuona usoni hatumii. Na kitambulisho kile huenda ni cha mtu mwingine aliyelizwa kabla yako. Alikituma kwa nia njema, kinaendelea kutumika kulizia wenzake.

Anayetaka kununua kitu cha Dar asitume hata shilingi ya "kushikilia". Tuna fundi mwenzetu Kariakoo, anakwenda dukani, anakagua akiwa na wewe kwenye simu ya video, kikifaa unalipa, anakifunga mwenyewe na kukipakia. Tunatoza 25,000 bila nauli ya mzigo. Najua, ni nyingi. Muulize kijana wa Pongwe.

Sasa simu za mkopo, kwa sababu hizi ndizo zinazotutia kwenye ugomvi zaidi. Mama mmoja wa Makorora, muuza vitumbua, alinunua simu mpya kabisa kwa laki moja na nusu wakati dukani ni karibu laki nne. Kijana aliyemuuzia alisema ana mgonjwa. Simu ikafanya kazi siku chache, halafu asubuhi moja ikawaka ukurasa mmoja tu: lipa deni lako. Kijana aliichukua kwa kianzio, akatakiwa alipe kila siku, akaiuza na kupotea. Mama akaja: "Mwanangu, nitolee hiki kifuli, nitakupa elfu thelathini."

Hatutoi. Si kwamba tunapandisha bei, kama alivyoambiwa na jirani yake. Kufuli ile haikai kwenye simu peke yake. Imeandikwa kwa IMEI kwenye mitambo ya mtengenezaji au mkopeshaji. Unaweza kuiflashi, yaani kuipakia programu upya, leo ikafunguka, ikishika intaneti inajiuliza mimi ni nani, inajibiwa, inajifunga tena. Wapo mtaani wanaotoza elfu hamsini kwa kazi hiyo, na simu hizo tunaziona zikirudi. iPhone yenye akaunti ya mtu wa kwanza ni hadithi hiyohiyo tangu kufuli lake lilipoingia mwaka 2013, na za Android zikafuata kwa akaunti ya Google. Zaidi ya hapo, mali si yako na si yangu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 311, inaadhibu anayepokea mali ya wizi akijua au akiwa na sababu ya kujua, na simu ya laki nne inayouzwa laki moja na nusu gizani ni sababu tosha ya kumfanya askari akutazame mara mbili.

Dawa yake ni ndogo ila inachosha. Simu ifutwe yote mbele ya muuzaji, iwashwe upya, iunganishwe na intaneti, tusubiri tuone inamuuliza nani. Ikiomba akaunti ya mtu mwingine, muuzaji aitoe hapohapo kwa nenosiri lake. Hili ndilo linalofanya ukaguzi uchukue nusu saa na zaidi, na ndiyo sababu hatukubali "fundi iangalie chapchap, bodaboda ananisubiri". Muuzaji anayekataa simu ifutwe mbele yako ana jambo. Awe shemeji yako, awe imamu.

Redio na amplifaya za Japani niziseme haraka. Vifaa vingi vya kule vimetengenezwa kwa volti 100, umeme wetu ni 230. Ukichomeka moja kwa moja unasikia "pwa" na harufu. Geuza kifaa, soma nyuma kabla hujalipa, na kikiwa cha volti 100 weka hesabu ya transfoma kwenye bei.

Wauzaji nao wanalia, na mimi huwahurumia zaidi kwa sababu wao ndio wenye kitu. Wanatumiwa na mnunuzi tapeli ujumbe wa malipo unaofanana na wa M-Pesa kila kitu, ila umetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu. Usiusome, piga *150*00# au menyu ya mtandao wako uone salio. Hata hela ikiwa imeingia kweli, tapeli mwingine anapanda boda na TV yako, anapiga huduma kwa wateja kudai amekosea namba, na hela inazuiwa. Hapo ndipo karatasi ya mauziano inakusaidia.

Iliyonishangaza mwenyewe ni ya baba mmoja wa Sahare. Aliweka tangazo la TV, inchi 43. Tapeli akazichukua picha zake, akaziweka kwenye ukurasa wake kwa bei ya chini. Mtu wa Korogwe akavutiwa, akapewa namba ya baba kama namba ya kulipia. Hela ikaingia kwa baba, halali tupu. Tapeli akatuma bodaboda kuchukua TV "ya mdogo wangu". Siku ya pili aliyelipa akafika Sahare na askari, anataka TV yake. Baba hana TV, na hela inadaiwa. Kilichomponza ni jambo dogo: ujumbe wa malipo ulitaja jina la mtu mmoja, aliyezungumza naye kwa simu alijitaja jina jingine, na aliyekuja kubeba ni wa tatu. Majina yasipolingana, TV ibaki ndani, na mwenye hela apigiwe kwa namba iliyolipa.

Namba za matapeli zitumeni 15040, na wenyewe mpige *106# mara mojamoja muone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chenu. Yupo mteja wetu aliyekuta laini asiyoijua.

Bei zetu basi, kwa mara ya mwisho: simu 10,000, laptopu 15,000, TV tukikufuata nyumbani 20,000 na nauli ya boda juu yako. Ukinunua kitu tulichokikagua na kikahitaji kazi ndani ya mwezi, hela ya ukaguzi tunaitoa kwenye ufundi. Karatasi ya mauziano iko ndani ya bei: IMEI, majina, namba za vitambulisho, dole gumba la pande zote mbili. Ijumaa tunafunga saa sita na nusu hadi baada ya swala. Mje na muuzaji, msiniletee simu peke yake mkisema amewaachia hadi jioni, na laptopu ije na chaja yake yenyewe.