Someni namba ya kosa kabla ya kupiga Windows upya

Mhariri,

Kila Desemba, watu wanaporudi Moshi kula sikukuu, kaseti za VHS za harusi na kipaimara huletwa madukani zihamishiwe kwenye flashi. Kapcha kadi, yaani kifaa kinachoingiza video kwenye kompyuta, ikigoma, dawa ya mafundi wengi wa hapa na wa Arusha ni moja tu: kupiga Windows upya. Mteja analipa, mafaili yake yanapotea, na kadi bado haionekani.

Windows yenyewe hutaja ugonjwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, ingia Device Manager, kisha bofya mara mbili kifaa chenye alama ya njano. Namba 28 maana yake draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa, haijawekwa kabisa. Namba 52, draiva ipo ila sahihi yake ya kidijitali haikuthibitishwa. Ukikuta 39, draiva imeharibika au imezuiwa kupakiwa. Namba 43 ni kifaa chenyewe kimetoa taarifa ya hitilafu. Hapo anza na waya na poti, chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta bila ekstensheni wala habu, ndipo uilaumu programu.

Kosa kubwa zaidi ni kutafuta draiva kwa jina lililo kwenye boksi. Kapcha kadi za USB zinazouzwa kwa jina la EasyCap ni vidude vinavyofanana kama mapacha, lakini ndani chipu ni tofauti: kimoja STK1160, kingine UTV007, kingine Empia. CD ya hiki haifai kwa kile. Kwenye dirisha lilelile nenda Details, chagua Hardware Ids. Hapo VID ni namba ya mtengenezaji na PID ni ya kifaa. Ukiona VID_05E1 na PID_0408, hiyo ni STK1160. VID_1B71 na PID_3002 ni UTV007. Tafuta draiva kwa namba hizo. Kama draiva isiyo yake ilishawekwa, iondoe kwa Uninstall device na uweke tiki kwenye kisanduku cha kufuta draiva, la sivyo ukichomeka tena itarudi ileile.

Draiva nyingi za zamani ziliandikwa kwa Windows ya biti 32, na Windows 11 ni ya biti 64 pekee, hivyo hazitapakiwa hata upige Windows mara kumi. Nyingine huzuiwa na Memory integrity, kinga ya Windows iliyoko Windows Security, sehemu ya Core isolation. Kuizima kunawezekana, lakini ni kupunguza ulinzi. Usifanye hivyo kwenye kompyuta ya mteja anayofanyia mambo ya benki. Kwa maoni yetu, duka linalohamisha kaseti liwe na kompyuta moja kuukuu yenye Windows 7, isiyounganishwa na intaneti, kwa kazi hiyo tu.

Picha ikija nyeusi na nyeupe huku inapanda na kushuka, hilo si la draiva. Programu ya kurekodi imewekwa NTSC, mfumo wa video wa Marekani, na kaseti zetu ni za mfumo wa PAL: 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde.

Makanisa yanayorusha ibada laivu hutumia zaidi vile vidude vya HDMI vyenye chipu ya MS2109, VID_534D na PID_2109. Hivi havihitaji draiva ya kuongeza. Windows huviona kama kamera ya kawaida, kwa hiyo anayekuuzia draiva yake anakuibia. Skrini ikiwa nyeusi, angalia ruhusa ya kamera kwenye Settings, na kama Zoom imekishika kifaa wakati OBS, programu ya kurushia laivu, inakihitaji. Chanzo kikiwa king'amuzi, huenda ni HDCP, ulinzi wa kuzuia kunakili, na hapo hakuna draiva itakayosaidia. Video ikikatakata, kwenye programu badilisha muundo wa video kutoka YUY2 (isiyobanwa) iwe MJPEG (iliyobanwa): picha ya 1920 kwa 1080 isiyobanwa, fremu 30 kwa sekunde, inahitaji karibu megabiti 1,000 kwa sekunde, wakati USB 2.0 mwisho wake ni 480.

Nanyi wateja, kabla hamjaiacha kompyuta dukani, mwombeni fundi awaonyeshe namba ya kosa kwenye skrini, muiandike.

Mafundi wa kompyuta na video,
Moshi