Tumeshuka daraja, swahiba

Oulu, Finland
Jumapili usiku

Kwako swahiba,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye barafu. Natumai u mzima, Mama naye mzima, na goti lake limetulia. Mimi sijambo, ila vidole vinalalamika. Asubuhi ilikuwa nyuzi 19 chini ya sifuri na bado nilikwenda kazini kwa baiskeli, maana mji huu hauna aibu: njia za baiskeli huondolewa theluji kabla hata ya barabara nyingine, na watoto wa shule ya msingi wananipita huku wanapiga soga. Nimenunua tairi zenye misumari. Ndiyo, misumari, na ni kwa makusudi. Wewe na mimi tulikuwa tunaikimbia pale Soni.

Najua umeshangaa kupata barua ya karatasi. Ujumbe wangu wa simu umeusoma mara tatu hukujibu, tiki za buluu naziona. Karatasi haina tiki. Ukiamua kuifungia maandazi ni wewe na Mola wako.

Habari yenyewe ni kwamba tumeshuka daraja. Timu uliyoiumba kwenye mchezo wetu wa kompyuta wa mbio za baiskeli imemaliza miaka mitatu ikiwa ya 19, na nafasi za daraja la juu ni 18. Nimeikodolea macho ile kompyuta kama mtu anayesubiri matokeo yabandikwe upya ubaoni.

Unaukumbuka usiku wa kuniaga, chumbani kwako, feni inanguruma na umeme unatishia kukatika? Wenzetu walinipa koti. Wewe ulikaa mpaka saa tisa ya usiku ukiwaumba vijana wa Kifini mmoja mmoja, huyu wa milima, huyu wa barabara za mawe za Ubelgiji, huyu wa kubeba maji tu, ukazipachika na kanuni za UCI, chama cha baiskeli cha dunia, za 2020 hadi 2022 ili mchezo uwe na machungu ya kweli. Ukanikabidhi faili, ukasema, “Unakwenda Finland, nenda na timu.” Miaka yote hii tumekuwa tukilitumiana lile faili, wewe unasajili, mimi nakimbiza, mimi nalala, wewe unaamka. Mke wako alidhani una biashara ya siri.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu.

Ule usiku wa usajili wewe ulikuwa sahihi, na mimi nilikuwa mjinga mwenye sauti kubwa. Ulitaka tununue watu wanne wa kawaida, watu wa nafasi ya tano, ya saba, ya tisa, tuwapeleke kwenye mbio ndogo za Ufaransa na Ubelgiji wakaokote pointi. Mimi nikamtaka Mfalme. Mpanda milima mmoja, nusu ya bajeti, picha yake ukutani. Ukanionyesha hesabu kwa utulivu kabisa: kwa kanuni zile, kushinda hatua moja, yaani siku moja tu, ya Tour de France ni pointi 120, na kushinda mbio za siku moja za daraja dogo liitwalo .1, kama Grand Prix La Marseillaise ambazo nusu ya dunia haijazisikia, ni pointi 125. Ukasema, “Soko ndilo limepanga bei, si mimi.” Nikakujibu kwamba hizo ni akili za genge, kuhesabu mafungu ya mchicha.

Nilimwambia hivyo mtu ambaye mama yake amemsomesha kwa genge, kuanzia darasa la kwanza mpaka chuo. Nimekula karoti za genge lile bila kulipa. Nimelala kwenye chumba kilichojengwa na kabichi zile. Hukupandisha sauti. Ulisema tu, “Haya, endelea na Mfalme wako,” na faili halikurudi tena kwako. Nisamehe, ndugu yangu. Nilitaka kukwambia siku ile ile, nikaogopa, halafu kila wiki iliyopita ikawa imeongeza uzito wa kusema.

Mfalme mwenyewe alivunjika mtulinga mwaka wa pili, mtelemko wa kijinga, mvua nyepesi. Mwaka wa tatu akarudi, akashinda hatua moja ya Tour. Moja! Nilipiga kelele mpaka jirani, Mfini asiyesema na mtu tangu nihamie hapa, akagonga mlango kuuliza kama nimeumia. Pointi 120. Tulikosa kubaki juu kwa 94. Tulipoanguka tu, mkataba wake ukafunguka wenyewe, kile kifungu ambacho wewe ulisema tukiondoe. Kaondoka bila hata kwaheri. Mdhamini naye akapunguza theluthi ya fedha.

Nilitaka kufuta kila kitu. Kilichonizuia ni mtu wa kweli, na ni Mfini. Kjell Carlström, mzaliwa wa Kristinestad, aliyewahi kuendesha baiskeli kwa timu za Liquigas na Team Sky. Yeye ndiye alikuwa meneja mkuu wa timu ya Israel-Premier Tech mwaka 2022. Julai ile timu yake ilishinda hatua mbili za Tour: Simon Clarke siku ya barabara za mawe ya kwenda Arenberg, na Hugo Houle kule Foix. Katikati ya hapo Chris Froome wa timu hiyo hiyo, mtoto wa Nairobi, aliyekuwa amevunjikavunjika mwili mzima 2019, akamaliza wa tatu kwenye mlima wa Alpe d’Huez. Mimi na wewe tulikuwa kwenye simu siku ile, ulikuwa unalia na unasema ni mafua. Timu gani haingetamani Julai kama hiyo? Na mwisho wa mwaka wakashushwa, wao na timu ya Lotto Soudal. Hatua mbili, pointi 240. Magazeti yaliandika habari za ushujaa, lakini kwenye msimamo hakuna safu ya ushujaa.

Kwa hiyo nikaenda kutazama walifanya nini baada ya hapo. Kumbe maumivu makubwa ya kushuka si fedha, ni kusubiri kualikwa. Ukiwa juu, mbio zote kubwa ni haki yako. Ukishuka, kwa kanuni za wakati ule timu mbili tu bora za daraja lako ndizo zilizoingia moja kwa moja, na wengine mnakaa mkisubiri barua, kama ndugu wa mbali wakati wa harusi. Hao kina Carlström mwaka 2023 waliingia Giro, zile mbio kubwa za Italia, kwa kualikwa, na humo Mkanada wao, Derek Gee, akamaliza wa pili katika hatua nne. Nne! Wakaalikwa Tour, na Michael Woods, mtu wa miaka 36, akashinda juu ya Puy de Dôme, mlima ambao Tour ilikuwa haijaukanyaga tangu 1988. Timu iliyoshushwa. Nilipoisoma hiyo nilisimama nikachemsha chai ya pili.

Puy de Dôme una mita 1,465. Nchi hii niliyopo yote, pamoja na maziwa yake yasiyohesabika na misitu isiyokwisha, haina ardhi ya kufika hapo. Halti, mahali pake pa juu kabisa, ni mita 1,324, na hata kilele chenyewe cha mlima ule kimeangukia upande wa Norway. Usambara yenu inavuka 2,000 na watu wanaipanda na magunia. Sasa utauliza Mfini atajifunza wapi kupanda milima? Nimewauliza kazini. Wanakwenda Hispania miezi ya baridi, au wanakanyaga baiskeli isiyokwenda popote, ndani ya nyumba, wakitazama ukuta. Ni kwa njia hiyo walipatikana kina Jussi Veikkanen, aliyevaa jezi ya madoa mekundu ya mpanda milima kwenye Tour ya 2009, na Lotta Lepistö, aliyeshinda mbio za Gent-Wevelgem za wanawake mwaka 2017. Nikiwaza ukuta huo mweupe, naona sisi tulikuwa na bahati: barabara ya Mombo kwenda Lushoto, baiskeli ya baba yako, na breki ilikuwa kandambili yako ya kushoto.

Basi, haya ndiyo niliyofanya, na utaona nimekuibia kila wazo.

Waliotaka kuondoka nimewaacha waondoke, wanane. Sikumbembeleza hata mmoja isipokuwa Mzee wa Kuopio, yule uliyempa miaka 34 na mapafu ya trekta. Yeye alibaki kwa nusu mshahara. (Najua ni namba tu kwenye kompyuta, usinicheke. Nilimshukuru kwa sauti.) Nikampandisha Dogo, uliyemwandika kuwa ni wa hapa hapa Oulu kabla hata mimi sijajua nitapangiwa mji gani. Nikamchukua Mbelgiji mmoja ambaye hakuna aliyemtaka, anayemaliza wa tisa kila mahali kama vile amelipwa amalize wa tisa. Nafasi ya Mfalme nimeiacha wazi.

Halafu nikawapeleka Marseille. Grand Prix La Marseillaise, zile zile. Sikutafuta ushindi, nilitafuta watu watatu ndani ya kumi bora, kwa sababu mtu fulani wa Lushoto aliwahi kunichorea hilo kwenye kitambaa cha karatasi cha mgahawa na nikakitumia kufutia mikono. Upepo ulikuwa wa pembeni, kundi likakatika, Mzee akawakokota wenzake kama mama mwenye watoto kwenye daladala. Akamaliza wa nne. Dogo wa saba. Mbelgiji, bila shaka, wa tisa.

Pointi 60, 35 na 25. Jumlisha, maana najua umeshajumlisha.

Ni 120. Ile ile hatua ya Tour ya Mfalme, kwa watu watatu ambao mishahara yao yote pamoja haifiki robo ya mshahara wake. Nilikaa kimya muda mrefu. Jirani hakugonga.

Tangu siku hiyo tunaishi kwa mafungu. Mbio za Étoile de Bessèges tumeokota, za Mallorca tumeokota. Hakuna kombe hata moja, na barua ya Giro haikuja. Ya Tour bado. Wadhamini wanauliza mbona hatuonekani kwenye picha. Nawajibu kwa Kifini changu cha kubahatisha kwamba picha zitakuja. Yapo mambo ya kufurahisha pia huku chini. Unajua Tro-Bro Léon, zile mbio za Bretagne zinazopita kwenye njia za vumbi za mashambani? Mwendeshaji wa kwao anayefanya vizuri kuliko wenzake hupewa mtoto wa nguruwe. Mzima, anapiga kelele. Usishtuke, ni kwa Wabretagne tu, timu yetu imesalimika. Lakini Mama umwambie, nataka nisikie alivyocheka.

Na hapo ndipo nilipofika. Faili nimelisimamisha asubuhi ya Tro-Bro Léon, na nimekutumia kwenye ile anwani yako ya zamani ya barua pepe. Neno la siri ni lile lile, jina la mbuzi wetu. Kanuni zinataka watu saba. Nimeandika sita: Mzee, Dogo, Mbelgiji, na watatu utakaowaona. Kwa nafasi ya saba wapo wawili. Kuna yule wa Lahti mwenye nguvu ambaye hana akili, na yule mwembamba uliyemwandika kwa ajili ya mawe, ambaye hajamaliza mbio hata moja tangu mwaka jana. Mimi nimejaribu kila mmoja mara kumi, nikafuta mara kumi.

Sijabonyeza kuanza.

Msalimie Mama, shikamoo yake hiyo. Msalimie na shemeji, mwambie biashara ya siri imefilisika lakini haijafungwa.

Ni mimi,
nduguyo wa Oulu

N.B. Kandambili ya kulia bado unayo? Kama ipo, usiitupe.